Majani Ndani ya Kengele

Lori lilikuwa limeshaanza kutembea wakati Ramla alipofika parkingi ya malori ya Bafwasende, pale Kisangani, viatu mkononi. Lilitembea kama malori ya njia ile yanavyotoka mjini, polepole, limelemewa. Chini magunia ya chumvi na katoni za sabuni, juu ya magunia watu, na mapajani mwa watu kuku waliofungwa miguu. Halikuwa na haraka, na hilo ndilo lililompa Ramla moyo wa kulikimbilia.

Alilifikia mbele ya akina mama wauza chikwange, ile mihogo iliyofungwa majani. Akashika chuma cha kioo cha pembeni, akapanda ngazi ya mlango wa dereva, akabaki ananing'inia pale, uso wake sawa na uso wa Waziri.

"Ramla, shuka."

"Sishuki."

"Utaanguka. Gurudumu iko hapo chini yako."

"Basi simamisha."

Waziri hakusimamisha. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele, lakini hakukaza mwendo pia, na wote wawili walilijua hilo.

Huko juu abiria wakaanza. "Shofere! Ule mutu iko anapanda bila kulipa!"

"Muache, bwana! Ule si abiria, ule iko muzigo ya moyo!"

Wakacheka. Ndani ya kabini hakuna aliyecheka. Upande wa pili, karibu na mlango mwingine, alikaa mwanamke wa mtandio mweupe, na mapajani amepakata sanduku dogo la bati. Huyo ni Mama Safiya, mama yake Waziri. Hakugeuza shingo.

"Waziri, funga kioo. Vumbi iko anaingia."

Kioo cha mlango ule kilivunjika zamani, na Mama Safiya alikuwa amekaa katika kabini ile zaidi ya mara moja. Alijua hakuna cha kufunga.

Kutoka parkingi hadi barieri, pale mji unapoishia na kila lori linasimama kuonyesha karatasi, ndio muda wote Ramla aliokuwa nao. Baada ya barieri ni msitu. Watu walikuwa wanasema Waziri hatarudi Kisangani. Wengine waliongeza kwamba huko Bafwasende mjomba wake ana binti, na kwamba Mama Safiya hakupanda lori lile ili kutazama miti.

"Nisikilize mpaka barieri tu," Ramla alisema. "Nikimaliza, nitashuka mwenyewe."

"Sema."

Kabla hajasema, wote wawili walisikia sauti nyuma ya lori. Kro, kro, kro. Kengele ya mti. Waziri akatazama kioo cha pembeni, na uso wake ukabadilika.

"Nani alimufungua?"

"Alikata kamba. Alisikia moteri yako."

Mbwa yule aliitwa Kimya. Alikuwa wa aina ile ya wawindaji wa porini, mdogo, mwekundu, masikio yamesimama, na habweki. Wawindaji huwafunga mbwa wa namna hiyo kengele ya mti shingoni ili wajue wako wapi kwenye majani. Waziri alimwokota huko mbele ya Bafwasende, amefungwa kwenye kisiki, mguu umeoza kwa mtego, mwenyewe ameshamwacha. Akamtia kabini. Alipofika Kisangani alisimamisha lori mbele ya atelier ya kwanza ya washonaji aliyoiona, akaingia kuomba kipande cha nguo cha kumfungia mguu.

Msichana aliyekuwa kwenye mashine siku hiyo alikuwa Ramla, binti wa Papa Yunus mshona magodoro, ukoo wa Waislamu wa zamani wa mji ule. Hakutoa kipande cha nguo tu. Alipiga magoti, akaufunga mguu mwenyewe, damu na usaha ukamchafua mpaka viwiko. Kisha akamwambia Waziri amwagie maji anawe mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa kwao. Waziri alimwagia. Lakini alikuwa anatazama uso wake badala ya mikono, akapotea kwenye hesabu, ikabidi waanze upya. Wakapotea tena. Wasichana wa atelier waliangua kicheko mpaka mashine zikasimama. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye hesabu ya kunawa.

Papa Yunus alimkubali kijana. Lakini mbwa, mzee hakumkubali. Kwa hiyo Waziri akisafiri, Kimya alilala kwenye kona ya watu wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, hatua chache na atelier, na Ramla akamletea chakula.

"Ile safari ya mwisho," Ramla alisema, "weye ulikwama mu matope. Nilipiga simu, nikapiga, haipite. Pikipiki ikamugonga Kimya mbele yetu. Tumbo ikavimba. Docteur Nicolas akamushika hivi, akasema damu iko anakimbia ndani. Lazima kupasua leo. Kesho itakuwa ya kuzika."

"Nilisikia."

"Ulisikia ku nani? Hukusikia ku kinywa yangu."

Waziri alitazama tena kioo cha pembeni. Kengele iliendelea nyuma, kro, kro.

Docteur Nicolas alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa mbuzi na nguruwe, na kwa kawaida hakuna aliyemletea mbwa. Alimwambia Ramla wazi: mikono yake atampa bure, lakini dawa ya kulalisha hana, uzi hana, serumu hana. Vyote viko pharmacie, duka la dawa, na pharmacie haijui huruma. Ramla alimtia Kimya ndani ya beseni la bluu la kufulia, akaliweka nyuma ya baiskeli ya Tonton Alphonse, wakaanza kuzunguka mji kuomba.

Tonton Alphonse alikuwa mkubwa wa kona ile. "Sisi tuko na sheria yetu," alisema. "Mwenzetu akianguka, kila baiskeli inatoa kozi moja. Huyu analinda vyuma vyetu usiku. Yeye ni mwenzetu." Na kweli, kila mmoja alitoa nauli ya abiria wake wa kwanza, hata yule mkali ambaye humpiga Kimya teke kila asubuhi.

Sokoni mambo yalikuwa mengine. "Nipe miye huyo," muuza nyama mmoja alisema, "nitamutia pilipili, nitakulipa vizuri!" Watu wakacheka. Ramla akavumilia. Kisha mama mmoja muuza mihogo akamwambia bila kucheka: "Mutoto wa Papa Yunus, mutoto wangu iko na homa toka juzi. Kesho upite na beseni yako, umulombee pia." Hapo Ramla aliinamisha kichwa, kwa sababu mama huyo alisema kweli. Walipotoka sokoni Kimya alikuwa amefumba macho. Walichopata kilitosha uzi. Dawa ya kulalisha hakikutosha.

Ndipo Ramla alipokwenda nyumbani, akafungua kabati, akatoa liputa.

Wengine wanaita kitenge. Hii ilikuwa ya kijani yenye ndege weusi, nzito, ya zamani, rangi haijapauka. Kwa akina Mama Safiya, watu waliotoka Kindu, ilikuwa desturi ya nyumba: mtoto wa kiume akiposa, mama yake anakata liputa moja katikati. Nusu anabaki nayo, nusu anampelekea mchumba. Haishonwi mpaka siku ya ndoa, na siku hiyo mama na mke wa mwanawe wanatoka wamevaa kitambaa kimoja. Mchumba akikataa ndoa, hasemi neno. Anairudisha, au anaiuza, na wao wanaelewa.

Ramla aliijua desturi. Ndiyo maana hakuiuza. Aliipeleka kwa Fanny, muuza nguo, akaiweka rehani tu, Fanny amkopeshe juu yake mpaka mwisho wa mwezi.

"Fanny aliapa," Ramla alisema, mkono mmoja ukianza kuchoka, akabadilisha. "Aliniambia, mupenzi, itakaa chini kabisa ya bagaji, hata panya haitaiona. Nilienda ku docteur na mbio. Kimya akapona. Nilikuwa nashona usiku na muchana niikomboe mbele urudi. Halafu ye akaiona nzuri, akajishonea."

"Na akaivaa ku matanga," Mama Safiya alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu, ingawa bado alitazama njia. "Watu wanalia maiti, miye niko nakaa ku mukeka na bamama wengine, naona ndege zangu zinapita ku matako ya Fanny. Nikarudi kwangu, nikafungua sanduku. Nikasema labda macho yangu imezeeka. Nikaipima na nusu yangu. Hapana. Macho iko muzima."

"Mama, sikuiuzisha. Niliiweka."

"Kitu ya mufu haiwekwe."

Ramla hakuelewa. "Mufu gani?"

Sasa Mama Safiya aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala siku nyingi. "Ile liputa baba yake Waziri aliinunua ku Kindu. Alikuwa anakohoa damu. Watu wakamuambia, papa, nunua dawa. Akanunua liputa. Akasema nusu yako, nusu ya bibi ya mutoto wangu, sitamuona lakini atavaa kitu yangu. Nikatembea nayo ku sanduku hii mpaka Kisangani. Nililala njaa, binti. Njaa! Waziri mudogo analia, miye nashika liputa hivi, nairudisha. Sikuiuzisha juu ya mutoto wangu. Weye uliitoa juu ya imbwa."

Lori liliingia shimoni, likatoka. Abiria wa juu wakapiga yowe. Ramla alishikilia, lakini mguu mmoja ulikuwa umeteleza, na mkono wa Waziri ulitoka dirishani ukamkamata kwenye kiwiko kabla hata hajafikiri. Akakishika hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hukuniambia," Ramla alimwambia, taratibu. "Uliniambia ni desturi ya mama. Hukuniambia kama ilikuwa ya papa yako."

"Sikukuambia."

"Juu ya nini?"

"Nilipanga nikuambie siku ya ndoa. Nilitaka uvae kwanza, nikuone, halafu nikuambie."

Akaachilia kiwiko.

"Basi muambie mama hivyo!"

"Nilimuambia. Usiku mzima nilimuambia."

"Na mimi nikamujibu," Mama Safiya alisema, sauti imeshuka. "Nikamujibu kama mwanaume alinyamaza, mwanamuke alipashwa kuuliza. Nikaenda ku mulango ya baba yako kuuliza sababu. Bon, nilipiga kelele. Sikatae."

"Ulimuita mufuga-imbwa mbele ya watu wanatoka musikiti."

"Nilimuita."

"Papa yako alirudisha vitu ya mahari leo asubuhi," Waziri alisema. "Mbuzi, chumvi, kanzu ya mjomba. Alileta mwenyewe, anasukuma pusu-pusu, mchana kweupe, jirani wote wanaona."

"Papa alikuwa na hasira."

"Hasira yake ninaijua. Lakini vitu imerudi, Ramla. Nikirudi ku mulango yake leo, nitarudi na nini? Na nani? Wajomba wangu wamesema hakuna atakayenisindikiza."

Mbele yao, gogo la barieri lilikuwa limelazwa njiani.

Lori likasimama. Waziri alizima moteri. Alishuka. Ramla alishuka. Walisimama upande wa nyasi, hawajui waweke wapi mikono.

Kimya alifika. Hakuwa anakimbia tena, alikuwa anatembea kwa kuvuta mguu, ulimi nje. Mshono wa tumboni ulikuwa umeachia upande mmoja na damu ilikuwa inatiririka ndani ya paja. Alifika mpaka kwenye kiatu cha Waziri, akaweka kichwa juu yake, akalala hapo. Hakutoa sauti. Hakuwa na ya kutoa.

"Imbwa ya bure," Waziri alisema, na akaanza kulia. Alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi, uso umekunjamana, kamasi zinatoka. Ramla alikuwa ameshapiga magoti. Alivua kitambaa cha kichwa, akakizungusha tumboni mwa mbwa, akavuta.

"Shika hapa. Kaza. Docteur Nicolas atashona tena. Ni uzi mbili tatu tu, ndani iko muzima."

"Utapata wapi falanga tena?"

"Toleka watatoa kozi."

Wakafunga pamoja, vidole vikigusana kwenye damu. Walipomaliza, mikono ya Ramla ilikuwa myekundu mpaka viwiko. Aliitazama, akamtazama Waziri. Wote wawili walikumbuka kitu kimoja, na ilikuwa heri wasingekumbuka.

Bidoni ya maji, dumu dogo, ilishuka dirishani. Mkono ulioitoa ulikuwa wa Mama Safiya. Aliiachia kwenye nyasi na kurudi kukaa kama alivyokuwa.

Waziri aliichukua, akafungua kifuniko, akainama. Ramla alinyoosha mikono. Akamwagia. Moja. Mbili. Ramla akachota udongo wa kando ya njia, akajisugua. Tatu. Hapo ndipo walipokuwa wanapoteza hesabu. Ramla aliinua macho, akimtazama kwa nguvu, kana kwamba akimtazama vya kutosha ataipoteza tena, na wataanza upya, na wataanza tena, na lori litaondoka bila dereva. Waziri alitazama maji tu. Nne. Tano. Sita.

"Saba," alisema.

"Leo hukukosa."

"Leo sikukosa."

Askari wa barieri alirudisha karatasi. Juu ya magunia hakuna aliyekuwa anafanya mzaha tena. Mwanamke mmoja alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya kitenge chake.

"Nikuulize kitu moja," Ramla alisema. "Kama ningemuacha akufe?"

"Tungeoana."

"Na ungenipenda kama leo?"

Waziri alitazama upande wa msitu.

"Basi baki," Ramla alimwambia. "Sitaki mbuzi, sitaki chumvi. Papa atalia mwaka mmoja, halafu atachoka. Baki."

"Mama hana mwingine. Alilala njaa, Ramla. Ulimusikia. Alilala njaa juu ya kitu, na miye nikubali iishe hivi hivi?" Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Ningekuwa na ndugu, hata mumoja, ningebaki. Wallahi ningebaki."

"Ninajua."

"Unikasirikie."

"Siwezi. Nilitaka, toka parkingi. Siwezi."

Kimya aliinua kichwa, kwa sababu miguu ya Waziri ilikuwa imesogea. Kengele ikalia mara moja, kro. Waziri akachuchumaa. Aling'oa majani mabichi kando ya njia, konzi nzima, akayasokomeza ndani ya kengele ile ya mti mpaka ulimi wake ukakwama. Wawindaji hufanya hivyo wakati wa kurudi kijijini, kazi ikiisha, wasisumbue watu.

"Usiyatoe," alisema. "Nikimusikia nyuma yangu, sitafika."

"Sitayatoa."

"Mushike sana."

"Nimemushika. Nenda."

Alipanda. Moteri ikakohoa, ikawaka. Gogo likainuliwa. Ramla alikaa kwenye nyasi, mbwa kifuani, mikono safi ikichafuka tena. Kimya alipigana kwanza, akataka kuruka, kisha nguvu zikamwishia, akabaki anatetemeka. Mama Safiya alitoa kichwa dirishani mara moja. Ilionekana kama anataka kusema jambo. Lori likakata kona, miti ikalichukua.

Tonton Alphonse aliwakuta pale kwenye jua, akiwa na baiskeli na lile beseni la bluu nyuma. Aliliweka beseni chini, akangoja.

Waziri alioa Bafwasende, binti wa mjomba wake, anayeitwa Sara. Wana watoto wawili. Bado anaendesha lori, lakini anaishia kwenye barieri, dereva mwingine analiingiza mjini. Mama Safiya alifariki mvua zilizofuata. Ndani ya sanduku lake nusu ya liputa ilikutwa kama alivyoikunja, na walimzika nayo chini ya kichwa. Fanny alimletea Ramla ile nguo aliyojishonea, imefuliwa na kupigwa pasi, akilia. Ramla hakuipokea. Docteur Nicolas alirudishia mshono, baadaye yeye akahamishiwa kazi Banalia. Tonton Alphonse aliacha baiskeli, sasa anauza makaa kwenye kona ile ile. Papa Yunus aliruhusu mbwa alale uani, mbali na maji ya kutawadha. Hamgusi, lakini anamwita kwa jina. Ramla ana atelier yake. Walikuja watu wawili kumposa, aliwaambia hapana, na baba yake hakumlazimisha. Yule mama muuza mihogo ni mteja wake, mtoto alipona homa.

Kimya anaishi. Anachechemea, na akisikia lori anakwenda mpaka mlangoni. Majani ya kengele hakuna aliyeyatoa. Yalikauka, yakavunjika, yakaanguka yenyewe.